Maswali ya Wasomaji: Kalamu Ianzie Wapi Katika Herufi ya Kichina?

Katika toleo hili nimekusanya barua zinazohusu jambo moja, nalo ni mfuatano wa mistari katika kuandika herufi za Kichina. Kabla ya kuzijibu, tukubaliane kuhusu neno. Ninaposema "mstari", nina maana ya chochote kinachochorwa tangu ncha ya kalamu inapogusa karatasi hadi inapoinuliwa, uwe mlalo, wima, mshazari, uliokunjwa kona au nukta tu. Wachina huuita bǐhuà, na mfuatano wake wanauita bǐshùn.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nimeanza kujifunza Kichina mwaka huu, na mkufunzi wetu hutukata alama tukikosea mfuatano hata kama herufi yenyewe imetoka sawasawa. Kwa maoni yangu, karatasi haihifadhi kumbukumbu ya mstari upi uliotangulia. Je, hii si adhabu isiyo na sababu?

JIBU: Salamu zako nimezipokea. Ninakuelewa, lakini karatasi huhifadhi kumbukumbu nyingi kuliko unavyodhani, na mtu aliyezoea kusoma maandishi ya mkono hutambua haraka herufi iliyoandikwa kinyumenyume hata kama hakumwona mwandishi akiiandika.

Anza na suala la uwiano. Herufi ya Kichina hukaa ndani ya mraba wa kubuni, iwe na mstari mmoja kama 一 (yī, moja) au na mistari ishirini na zaidi, na kila mstari unaotangulia huwa ndio kipimo cha ule unaoufuata. Chukua 国 (guó, nchi), yenye mistari 8. Ukichora kuta za kushoto na kulia kwanza, unajua nafasi iliyobaki kwa ajili ya kilichomo ndani, na ukimaliza cha ndani ndipo unapojua chini ufunge wapi. Mtu anayechora boksi zima kwanza kisha akajaribu kukijaza hujikuta ama amebana vya ndani hadi vimegusana, ama ameacha uwazi chini unaoonekana kama jengo lisilo na sakafu. Fanya jaribio hilo mara kumi kwa njia zote mbili, kwa kasi ya kawaida, kisha uyaweke matokeo kando kwa kando.

Sababu ya pili inatokana na brashi. Kwa karne nyingi herufi hizi ziliandikwa kwa brashi na wino, kwa mkono wa kulia, katika safu zinazoshuka kutoka juu kwenda chini. Mistari mingi ilipata mwelekeo wake kutokana na hali hiyo: mlalo huvutwa kutoka kushoto kwenda kulia, wima huvutwa kushuka, na herufi nyingi humalizikia chini au kulia, mahali ambapo mkono uko karibu na herufi inayofuata. Kwa hiyo mfuatano uliotufikia ni njia fupi ambayo mikono mingi iliipitia hadi ikawa barabara, kisha baadaye sana ndipo serikali zikaja kuiwekea alama.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na mara nyingi wanaoanza hawaambiwi. Hakuna Mchina mtu mzima anayeandika barua au orodha ya mambo yake kwa herufi zilizonyooka kama za kitabuni. Mkono ukienda kasi, kalamu haiinuliwi kikamilifu, na mkia wa mstari mmoja huungana na kichwa cha unaofuata. Uzi huo mwembamba unaounganisha mistari hutokea mahali maalumu kwa sababu waandishi wote wanafuata njia moja, na ndiyo maana msomaji huweza kuusoma. Ukifuata mfuatano wako mwenyewe, nyuzi zako zitatokea mahali pasipotarajiwa, na mwandiko wako wa haraka hautasomeka na mtu mwingine. Hata baadhi ya herufi rahisi zinazotumika China leo zilizaliwa hivyo. Mpango wa kurahisisha herufi wa mwaka 1956 ulichukua baadhi ya maumbo ya mwandiko wa kasi na kuyafanya rasmi: 車 (chē, gari) yenye mistari 7 ikawa 车 yenye 4, na 書 (shū, kitabu) yenye mistari 10 ikawa 书 yenye 4. Kona zile za ajabu zilizomo ndani ya 车 na 书 ni alama za mkono uliokataa kuinuka.

Kuhusu kukatwa alama, hapo nakuunga mkono kwa kiasi. Mkufunzi anayesahihisha karatasi iliyokwisha kuandikwa anakisia tu. Ni heri zaidi amwite mwanafunzi aandike herufi tano mbele yake na amwonyeshe papo hapo mahali mkono ulipopotea.

SWALI: Nilifundishwa kanuni mbili tu: juu kwenda chini, na kushoto kwenda kulia. Zimenisaidia katika herufi nyingi, lakini kila wiki nakutana na herufi inayozivunja. Herufi 小 inaanzia katikati, 火 inaanzia pembeni, na 这 inaanzia ndani ingawa kilicho nje kiko kushoto. Je, kuna kanuni kamili au kila herufi ina sheria yake?

JIBU: Kanuni ulizofundishwa ni za kweli lakini ni nusu ya habari. Zipo nyingine chache, na ukizijua zote utakuwa na njia ya uhakika katika herufi nyingi mno. Zinazobaki ni za kukariri, na idadi yake haitishi.

Kanuni ya juu kwenda chini inaonekana wazi katika 三 (sān, tatu), na ya kushoto kwenda kulia katika 川 (chuān, mto). Mistari inapokatana, mlalo hutangulia wima, kama katika 十 (shí, kumi). Mishazari miwili inapokutana, ule unaoshukia kushoto hutangulia ule unaoshukia kulia, kama katika 人 (rén, mtu). Panapokuwa na kuta, kuta hutangulia kilichomo ndani, kama katika 月 (yuè, mwezi), na kama kuta hizo zimefungwa pande zote, mstari wa chini wa kufunga huwa wa mwisho: wageni huingia kwanza, ndipo mlango ufungwe. Ndivyo 日 (rì, jua), 田 (tián, shamba) na 国 zinavyoandikwa.

Ukuta ukiwa wazi upande wa juu, mambo hugeuka. Katika 凶 (xiōng, baya) msalaba wa ndani huandikwa kwanza na bakuli linaloubeba hufuata. Ukuta ukiwa wazi upande wa kulia, kama katika 区 (qū, eneo), unaanza na mlalo wa juu, unaingia ndani, kisha unamalizia kwa mstari mmoja unaoshuka na kupinda chini.

Sasa tuje kwenye 这 (zhè, hii). Sehemu ile inayopita kushoto na kujitandaza chini kama mkeka, 辶, huandikwa mwisho, na ndugu yake 廴 aliyemo katika 建 (jiàn, kujenga) hufuata desturi hiyohiyo. Lakini usije ukadhani kwamba kila kinachojitandaza chini huandikwa mwisho. Katika 起 (qǐ, kuinuka), sehemu 走 inajitandaza vilevile, ila yenyewe huandikwa kwanza. Tofauti ninayowapa wanafunzi ni hii: 走 ni herufi kamili inayoweza kusimama peke yake, ikiwa na maana ya kutembea, ilhali 辶 na 廴 hazisimami peke yake katika maandishi ya leo. Kinachoweza kujitegemea huja kwanza, na kisichoweza husubiri.

Nukta nazo zina adabu zake. Nukta iliyo juu katikati au juu kushoto hutangulia, kama katika 六 (liù, sita) na 门 (mén, mlango). Nukta iliyo juu kulia au iliyofichwa ndani huwa ya mwisho, kama katika 我 (wǒ, mimi) na 玉 (yù, jiwe la thamani). Wanafunzi wengi wa 我 huandika nukta mapema kwa sababu iko juu, wakaona kanuni ya juu kwenda chini inawaruhusu. Hapana, ni ya saba kati ya mistari saba.

Kwa 小 (xiǎo, dogo), nguzo ya kati hutangulia pande mbili zinazolingana, na ndivyo ilivyo kwa 水 (shuǐ, maji) na 山 (shān, mlima). Kisha 火 (huǒ, moto) inakuja kuharibu karamu: nukta mbili za pembeni kwanza, halafu umbo la mtu katikati. Nimewahi kusikia maelezo mbalimbali ya kwa nini moto unatofautiana na maji, na mengine yanapendeza, lakini siku hizi nawaambia wanafunzi waikariri hivyo na waendelee na safari.

Jozi nyingine ya kukariri ni 九 (jiǔ, tisa) na 力 (lì, nguvu). Zinafanana kama mapacha, ila katika 九 unaanza na mshazari unaoshukia kushoto, na katika 力 unaanza na mstari uliokunjwa wenye ndoana. Zikumbuke hizo mbili na utajua nyingine, kwa kuwa 刀 (dāo, kisu), 万 (wàn, elfu kumi) na 方 (fāng, upande) zote humalizia kwa mshazari kama 力.

SWALI: Mimi nilisoma Kijapani kwa miaka miwili kabla ya kuingia Kichina. Mwalimu wangu wa sasa anasema naandika 田 na 王 vibaya, na yule wa zamani alinisifu kwa maandishi yale yale. Ni nani mkweli kati yao?

JIBU: Wote wawili, na wewe hukukosea kitu isipokuwa kuvuka mpaka bila kubadilisha utaratibu.

Katika 王 (wáng, mfalme), kanuni ya China bara ni mlalo, mlalo, wima, kisha mlalo wa chini, ilhali Wajapani huandika mlalo, wima, mlalo, mlalo. Katika 田, baada ya kuta, Wachina huandika mlalo wa ndani kisha wima, nao Wajapani hutanguliza wima. Utaikuta tofauti hiyo pia katika 右 (yòu, kulia): China huanza na mlalo, Japani huanza na mshazari, ingawa katika 左 (zuǒ, kushoto) nchi zote mbili huanza na mlalo. Kwa macho ya mgeni jambo hili ni kama utani, na sikulaumu ukicheka.

Kinachofaa kueleweka ni kwamba mfuatano rasmi ni jambo la karibuni. Wizara ya Elimu ya Japani ilitoa mwongozo wake mwaka 1958 kwa herufi 881 zilizofundishwa shule za msingi, na mwongozo huo wenyewe ulieleza kwamba mifuatano mingine ambayo haikutajwa humo haihesabiwi kuwa makosa. China bara ilitoa kanuni ya herufi 7,000 mwaka 1997, kisha ikaipanua kwa kanuni ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Machi 2021, ili ilingane na orodha ya herufi 8,105 iliyotolewa mwaka 2013. Taiwan nayo ina kitabu chake cha mwaka 1996, chenye herufi 4,808. Waandishi wa brashi wa zamani walikuwa na njia zaidi ya moja kwa herufi kadhaa, na kila kanuni ya kisasa ilichagua mojawapo kwa ajili ya shule.

Ushauri wangu ni uchague kanuni moja kwa kila lugha na usizichanganye ndani ya lugha hiyo. Ikiwa utafanya mitihani ya Kichina cha bara, fuata ya bara. Usipoteze majira ya jioni ukigombana na mwalimu kuhusu 田, kwa sababu mwalimu huyo anakufundisha barabara ya mji wake. Na utakaporudi kwenye Kijapani, mkono wako utarudi wenyewe baada ya siku chache.

SWALI: Nikihesabu mistari ya 口 napata minne, lakini kamusi inasema mitatu. Nikihesabu ya 马 napata mitano au sita, kamusi inasema mitatu. Ninawezaje kutafuta herufi kwenye kamusi kama siwezi hata kuhesabu?

JIBU: Tatizo lako si hesabu, ni kona. Unapoona boksi, jicho linaona pande nne, lakini mkono unapita mara tatu: wima wa kushoto, kisha mstari mmoja unaokwenda kulia na kukunja kushuka bila kalamu kuinuliwa, kisha mlalo wa chini. Mlalo ukifika kona ya juu kulia na kushuka, huo bado ni mstari mmoja. Kwa kawaida kona ya juu kulia hukunjwa pasipo kuinua kalamu, lakini kalamu haikunji kona ya chini kulia ya boksi, na hapo ndipo mstari mpya unapoanza. Katika 马 (mǎ, farasi) mstari wa pili unashuka, unakunja kulia, unashuka tena na kumalizikia kwa ndoana, na yote hayo ni pumzi moja ya kalamu.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema mfuatano ni wa wanaopenda mwandiko mzuri tu. Asiyejua njia ya kalamu hawezi kujua idadi ya mistari, na asiyejua idadi anahangaika na kamusi ya karatasi. Kamusi maarufu iliyokusanywa chini ya mfalme Kangxi na kukamilika mwaka 1716 ilipanga zaidi ya herufi 47,000 chini ya sehemu kuu 214, yaani vipande vya herufi vinavyotumika kuziweka katika makundi, na ndani ya kila sehemu herufi zilipangwa kwa idadi ya mistari. Kamusi za China za leo, ambazo kwa kanuni ya mwaka 2009 hutumia sehemu kuu 201, bado zina faharasa ya aina hiyo.

Herufi mbili zikiwa na idadi moja ya mistari, hupangwa kwa aina ya mstari wa kwanza, kwa utaratibu wa aina tano: mlalo (héng), wima (shù), mshazari wa kushoto (piě), nukta (diǎn), na uliokunjwa (zhé). Mshazari wa kulia, nà, huhesabiwa pamoja na nukta. Wachina hukumbuka utaratibu huo kwa herufi 札 (zhá), ambayo ina mistari mitano, na kila mmoja ni wa aina moja kati ya hizo tano, tena kwa mfuatano uleule. Sijaona kifaa cha kumbukumbu kilichotengenezwa kwa ustadi kuliko hicho.

Utaukuta utaratibu huu hata nje ya kamusi. Nchini China orodha rasmi za majina ya watu mara nyingi hupangwa kwa idadi ya mistari ya jina la ukoo, ili asionekane mtu ametangulizwa kwa cheo. Wang (王) mwenye mistari 4 hutangulia Li (李) mwenye 7. Chen (陈) naye ana 7, lakini Li huanza na mlalo na Chen huanza na mstari uliokunjwa, kwa hiyo Li hutangulia. Jaribu kuzipanga herufi 丁, 刘 na 张 katika orodha hiyo kabla ya kuangalia jibu: Ding ana mistari 2, Liu ana 6, na Zhang ana 7 akianza na mstari uliokunjwa.

SWALI: Mwanangu wa miaka minane anatumia mkono wa kushoto. Ameanza kujifunza Kichina na anapenda, ila mistari ya mlalo inamsumbua kwa sababu anaisukuma badala ya kuivuta. Je, nimbadilishe mkono?

JIBU: Hapana, mama, usimbadilishe. Mfuatano wa mistari na mwelekeo wake vinaweza kufuatwa kikamilifu kwa mkono wa kushoto, ingawa mlalo utahitaji subira zaidi. Mwekee daftari upande wa kushoto wa kifua chake na ulisogeze liinamie kulia kidogo, ili mkono uwe chini ya mstari anaouandika na usifute alichokwisha kuandika. Mpe kalamu isiyochimba karatasi, yenye wino unaotiririka kwa urahisi au penseli laini. Akikazana kuvuta mlalo kutoka kulia kwenda kushoto, mrudishe taratibu, kwa kuwa mwelekeo huo ndio utakaomharibia mwandiko wa haraka atakapokua. Katika sanaa ya brashi ya jadi mkono wa kulia ndio uliozoeleka, lakini hilo ni somo jingine, na mtoto wa miaka minane mwenye penseli hana haja ya kulibeba.

SWALI: Kwa heshima, naona mjadala huu umepitwa na wakati. Ninaandika Kichina kwenye simu kila siku: naandika matamshi kwa herufi za Kilatini, simu inanipa orodha, nachagua. Kwa nini nijitese na kalamu?

JIBU: Hujitesi mpaka siku simu itakapokosa chaji, lakini sitaitegemea hoja hiyo kwa sababu ni dhaifu. Nitakupa mbili nyingine.

Kwanza, kuchagua kwenye orodha ni kutambua, na kutambua hakuzai kuandika. Wachina wenyewe wana msemo wa herufi nne, 提笔忘字, unaomwelezea mtu aliyeishika kalamu akasahau herufi, na wanaulalamikia sana tangu kompyuta na simu zilipoenea. Ikiwa wenye lugha wanasahau, sisi tuliokuja ukubwani tuna nafasi gani? Herufi unayoijua kwa macho tu huchanganyika kwa urahisi na jirani yake: 未 na 末, 土 na 士, 己 na 已. Mkono uliowahi kuziandika huzitofautisha kwa sababu uliwahi kuamua ni mlalo upi mrefu na upi mfupi, au mstari uanzie wapi.

Pili, simu yenyewe haijaachana na mistari. Ipo njia ya kuingiza herufi kwa vitufe vitano tu, kwa aina zile tano nilizozitaja hapo juu, nayo huwasaidia watu wasiojua matamshi ya herufi wanayoiona. Bonyeza mlalo, wima, mshazari wa kushoto, nukta, uliokunjwa, na 札 itajitokeza. Ukikosea mfuatano, utapewa herufi ngeni au hutapewa kitu. Kuandika kwa kidole kwenye kioo kunavumilia makosa zaidi, lakini ukianza kuandika kwa kasi na mistari ikaungana, programu nayo husaidiwa na njia ya kidole, si umbo pekee.

Hata hivyo, sidai kwamba uandike kwa mkono kila herufi unayoisoma. Viwango vya umahiri wa Kichina kwa wageni vilivyoanza kutumika Julai 2021 vinatenganisha mambo hayo mawili waziwazi: herufi za kutambua ni 3,000, na za kuandika kwa mkono ni 1,200. Naona mgawanyo huo una busara.

SWALI: Mwalimu, mimi nimechelewa. Nimejifunza herufi karibu mia nne peke yangu kwa kuzichora kama picha, na sasa nimegundua kwamba mfuatano wangu ni wa ovyo. Je, nianze upya kabisa?

JIBU: Hapana haja ya kuzirudia zote mia nne, kwa sababu hujajifunza vitu mia nne. Herufi zako zimejengwa kwa vipande vinavyojirudia, na kila kipande kina mfuatano wake unaohama nacho popote kinapokwenda. Ukisahihisha 口, umesahihisha herufi nyingi zilizoibeba, na ukisahihisha 女 (nǚ, mwanamke), ambayo huanza na mstari unaoshuka na kukunja, kisha mshazari, kisha mlalo mwisho, umesahihisha pia 好, 妈, 她 na 姐.

Kwa hiyo kwa mwezi mmoja weka herufi kamili pembeni. Andika orodha ya vipande unavyokutana navyo mara nyingi. Kwangu mimi vilikuwa kama arobaini, na nilivianza kwa 口, 日, 木, 水, 火, 土, 女, 子, 心, 手, 言 na 辶. Jihadhari na mahali kipande kinapobadilika kikihamia kushoto. Gari 车 likisimama peke yake huandikwa mlalo, mstari uliokunjwa, mlalo, kisha wima mwisho. Likiwa upande wa kushoto wa herufi nyingine, kama katika 轻 (qīng, nyepesi), wima huja kabla, na mstari wa chini huwa wa mwisho ukipanda kuelekea kulia. Ng'ombe 牛 hufanya hivyohivyo katika 物 (wù, kitu). Sababu inaonekana ukiiandika: mstari unaopanda kulia unaupeleka mkono moja kwa moja kwenye nusu ya pili ya herufi.

Tumia karatasi yenye miraba iliyogawanywa kwa msalaba, ambayo Wachina huiita 田字格 kwa kuwa kila mraba unafanana na herufi 田. Andika kipande kimoja mara tano ukitaja mistari yake kwa sauti, héng, shù, piě, nà, kisha ukifunike na ukiandike mara moja bila kuangalia. Mara hiyo moja ya mwisho ina kazi kubwa kuliko zile tano. Usijaze ukurasa mzima kwa herufi moja, kwa sababu kuanzia mstari wa tatu mkono hunakili kilicho juu yake na akili huenda kutembea. Kesho yake anza na vile ulivyovisahau, siku ya nne vipitie tena, na vile vilivyokaa viache.

Utakapokuwa tayari kujipima, andika 永 (yǒng, milele). Ina mistari 5 tu: nukta, mstari uliokunjwa wenye ndoana, mlalo mfupi unaogeuka kuwa mshazari, mshazari mfupi, na ule mrefu unaoshukia kulia. Lakini ndani yake mna miendo minane ya brashi ambayo walimu wa mwandiko wamekuwa wakiwafundishia wanafunzi kwa karne nyingi, na mapokeo huihusisha na Wang Xizhi, bingwa wa mwandiko wa karne ya 4. Andika 永 leo, uweke tarehe chini yake, uifungie ndani ya daftari, na baada ya mwezi uiandike nyingine kando yake.